Hodi ya Tatu

Ndege iliinamisha bawa la kushoto, ikanyooka, ikaanza kuzunguka. Chini yake mlima ulikuwa umejifunika ukungu hadi shingoni, na juu ya ukungu jua la asubuhi liliwaka bila wasiwasi. Misonobari ilijitokeza mmoja mmoja, na mwisho wa bonde kikaonekana kiwanja cha Itekelo, kipande cha nyasi kilichobanwa kati ya genge la mawe na mashamba ya viazi. Vyote hivyo havikuwepo. Ndege yenyewe ilikuwa kiti kimoja juu ya miguu mitatu ya chuma, ndani ya chumba cha duara, ghorofa ya pili ya Chuo cha Marubani wa Wagonjwa, katikati ya jiji la Mbeya.

Mashine hiyo waliiita kiigizi. Aliyekaa kitini asubuhi ile ni fundi wake, Tusekile, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwenye vidole vya kufungulia skrubu gizani na ulimi wa kufungia midomo ya wabishi. Kila siku ya kazi, kabla wanafunzi hawajafika, aliruka mara moja kwenda Itekelo. Kwenye daftari aliandika kwamba anapima mitambo. Nani angembishia?

Alipiga hodi ya pili.

Vijiji vya milimani vilikuwa na viwanja lakini havikuwa na minara ya kuongozea ndege. Redio zilikatika kati ya milima, na mitambo ya kujiongoza ilichanganywa na upepo wa mabonde. Kwa hiyo marubani wa huko walikuwa na desturi yao. Rubani akifika juu ya kiwanja hupiga hodi kwa kuinamisha bawa, akazunguka, akapiga ya pili, akazunguka, akapiga ya tatu. Mtunza kiwanja aliye chini, akiona pako salama, hulitandaza shuka jeupe mikononi. Hiyo ndiyo karibu. Hodi tatu zikipita bila shuka, rubani anageuza na kurudi alikotoka, hata kama amebeba dawa ya mtu anayekata roho. Huingii kwa watu bila kukaribishwa, basi.

Tusekile akapiga hodi ya tatu.

Upande wa kulia wa kiwanja, mtu mrefu mwenye sweta la bluu akanyanyua shuka.

"Umeamkaje, Ambwene?" Tusekile akamsalimu mumewe.

Mtu yule alikuwa mchoro tu. Kadi ya picha, kifaa cha kiigizi kinachochora kila kionekanacho, haina mdomo. Tusekile akatua, magurudumu yakagonga nyasi, na kama ilivyokuwa kila siku, mtu wa sweta alikuwa amesogea mbele kidogo, umbali ule ule, akiwa bado na shuka mikononi. Hapakuwa na namna ya kumfikia. Tusekile alijua, na bado moyo ulimpasuka kila mara.

Ambwene alikuwa rubani. Alikufa Itekelo miaka sita iliyopita, ndege yake ilipogonga genge katikati ya ukungu. Tume iliyochunguza iliandika sentensi moja ambayo mji mzima uliikariri: rubani alishuka bila kukaribishwa. Mtunza kiwanja aliapa kwamba hakutandaza kitu, kwa kuwa hata miguu yake mwenyewe hakuiona. Lakini kinasa sauti cha ndege kilikuwa kimehifadhi neno la mwisho la Ambwene, alilolisema kwa utulivu kabisa: "Nimekaribishwa." Watu wakasema alichanganyikiwa. Wengine wakasema alikuwa na kiburi. Msibani wajomba zake hawakuthubutu kutazama watu usoni, na Tusekile naye, mbele ya kaburi, alimuuliza marehemu kwa hasira alikuwa na haraka ya nini.

Baadaye akabandika picha yake kwenye dashibodi ya kiigizi, ile aliyovaa sweta alilomfumia mwenyewe. Akaanza safari zake za asubuhi. Kamera ndogo ya kiigizi hufuata macho ya rubani, na kadi ya picha huongeza bidii pale anapopatazama sana, ikakariri alichokiona hapo. Macho ya Tusekile yalitoka kwenye picha yakaenda kiwanjani, yakarudi kwenye picha, mamia ya asubuhi. Katika mwezi wa tatu wa safari hizo likatokea doa la bluu kwenye nyasi. Baada ya mwaka doa likawa na mabega. Hakumwambia mtu.

Ndiyo maana karatasi iliyokuwa mezani kwake tangu Jumatatu ilikuwa bado haijajibiwa. Kapteni Mwaijande, mkuu wa chuo, alitaka jibu kufikia Ijumaa: kadi ya picha ibadilishwe au isibadilishwe. Ile iliyopo ilikuwa na miaka kumi na minne.

"Mimi narusha ndege, sichezei nyaya," Kapteni alimwambia alipomkuta kwenye ngazi. "Ukisema ibaki, itabaki. Lakini wanafunzi wanalalamika, dada Tuse. Miti inachipuka mbele yao ghafla."

"Kadi mpya inakula umeme mara mbili, Kapteni. Kwenye kasha hili haienei. Na prosesa yetu, ule ubongo wa mashine, ni ya kizamani, itaichelewesha tu, itakuwa umenunua farasi ukamfunga kwenye jiwe. Ya sasa bado inadai."

Bado inadai. Ndivyo mafundi wanavyosifia kitu kikuukuu ambacho hakijachoka. Yote aliyosema yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu.

Kwa kusema haki, Tusekile ndiye aliyeifanya kadi ile iishi hivyo. Ilipotimiza miaka sita ilianza kukwama. Rubani akigeuza kichwa, milima ilimfuata baadaye kama mtoto anayeburutwa sokoni. Fundi mwingine angeomba mpya. Yeye aliona aibu kushindwa na kipande cha bati, akachimba ndani ya mitambo mpaka akaifungulia njia iitwayo kisio: pale kadi inapokosa nguvu ya kuchora kilichopo, inachora kile ambacho kwa kawaida huwa kipo. Picha zikawa laini kama maziwa. Alipigiwa makofi kwenye kikao. Ambwene alimnunulia kitenge.

Saa mbili na nusu mlango wa karakana uligongwa. Aliingia Sekela, rubani aliyehitimu mwaka uliopita, bado amevaa suti ya kurukia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mbona umekunja uso hivyo?"

Sekela hakukaa. "Jana nilikwenda Itekelo kumchukua mama mjamzito. Ukungu. Nikapiga hodi zangu tatu, nikakaribishwa."

"Sawa."

"Si sawa. Mtunza kiwanja wa Itekelo ni Mama Bupe. Mfupi, na anasimama kushoto, penye kibanda chake. Mimi nilikaribishwa na mwanamume mrefu, upande wa kulia. Ana sweta la bluu. Nikashtuka, nikavuta ndege juu. Nilizunguka nusu saa mpaka ukungu ukainuka. Fundi, kiwanja kilikuwa kimekatwa na maporomoko, katikati kabisa. Mama Bupe yuko ng'ambo ananipungia kanga nisishuke, na pale kulia hapakuwa na mtu. Huyo ni nani?"

Tusekile aliweka bisibisi mezani polepole.

Ndege za chuo hazikuwa na vioo. Mvua ya mawe ilikuwa imewafundisha watu kuacha vioo. Zilikuwa na madirisha-picha, kamera nje na kadi ndani, na rubani alitazama kile alichochorewa. Na kila Jumatatu kumbukumbu ya kadi ya kiigizi ilinakiliwa kwenye kadi za ndege zote, pamoja na kisio chake, ili nazo ziijue milima. Aliyekuwa akiinakili ni Tusekile. Alikuwa akiwapelekea marubani mumewe, wiki baada ya wiki, na hakuwahi kulifikiria.

"Mama yule mjamzito?" aliuliza.

"Nilitua kiwanja cha jirani, tukambeba kwa machela mpaka huko. Amejifungua salama." Sekela alimwangalia. "Unamjua yule mtu, eh?"

"Kawaambie watu wa uwanjani ndege yoyote isiruke leo. Sema nimesema mimi."

Alipobaki peke yake akafungua kabati la kumbukumbu, akatafuta wiki ile ya miaka sita iliyopita. Wiki ile hakukuwa na doa la bluu wala sweta; mumewe alikuwa hai, akiketi kwenye kiti kile kile kufanya somo la tisa, ambalo marubani wa zamani nao hulirudia kujikumbusha: kutua Itekelo penye ukungu. Tusekile alikuwa na sababu ya kutoitazama rekodi hiyo: sauti ya mumewe ilikuwamo. Akaibonyeza.

Hodi ya kwanza. Hodi ya pili. Ambwene alikuwa akipiga mluzi. Mwalimu siku ile alikuwa ameandika kwenye maelezo ya somo: kiwanja kimefungwa, hakuna karibu, mwanafunzi arudi. Hodi ya tatu. Kwenye ukungu, upande wa kulia, likatokea shuka jeupe. Hapakuwa na mtu. Shuka lilikuwa limetanda lenyewe hewani, bila mikono ya kulishika.

"Nimekaribishwa," Ambwene akasema, kwa utulivu ule ule, akatua. Mwalimu hakugundua, pengine alikuwa akinywa chai.

Tusekile alielewa. Walimu walitaka vijana wajue kutua, kwa hiyo katika maelfu ya masomo shuka lilitandazwa takribani kila mara. Kadi, ilipoelemewa na ukungu, ilichora kilichozoeleka. Baada ya hodi ya tatu huwa kuna karibu. Ikaichora kiigizini, ikaichora na kwenye dirisha la ndege ya kweli, siku tatu baadaye, mbele ya genge.

Bado inadai, alikuwa amemwambia Kapteni. Sasa maneno yale yalimrudia yakiwa uchi, bila sifa yoyote ndani yake. Alilia kwa sauti, mdomo ukiwa ndani ya kanga.

Kapteni alimkuta amekaa sakafuni, akaketi naye, magoti yakilalamika.

"Kadi nitaing'oa leo, za ndege zote pia," Tusekile alisema. "Na nataka uiandikie tume. Ile sentensi ni ya uongo. Ambwene alikaribishwa."

"Alikaribishwa na nani, dada?"

"Na mimi."

Akamweleza yote, bila kujitetea. Kapteni hakumwambia yaishe. Alikuwa mtu wa kweli. Alivua kofia tu, akaishika mapajani. "Nitaandika," alisema hatimaye. "Utatia sahihi?"

"Nitatia."

Kabla ya kuzima umeme Tusekile alipanda kitini mara ya mwisho. Hodi tatu. Ambwene akanyanyua shuka, upande wa kulia.

"Nisamehe," Tusekile akamwambia. "Ulikuwa na haki." Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akageuza ndege, akampa mgongo.

Kadi haikulijua jambo hilo. Haikuwa na kumbukumbu ya mtu aliyekaribishwa akaondoka. Ikakwama kidogo, ikachora kile kilichozoeleka. Mbele ya ndege, katikati ya anga tupu, mtu wa sweta la bluu akatokea na shuka lake. Tusekile akakata kushoto; yuko kushoto. Akapanda juu, shuka likatanda juu yake, likaziba jua. Kila alikoelekea alikaribishwa, na uso ule, kwa mara ya kwanza, ulikuwa unakaribia. Haukuwa na macho. Picha ya kwenye dashibodi ilikuwa ndogo mno kwa kadi kujifunza macho.

Akang'oa waya wa umeme kwa mikono miwili.

Kadi mpya ilifungwa Alhamisi, pamoja na kasha jipya na prosesa mpya, na njia ya kisio Tusekile aliifunga moja kwa moja. Picha ya mumewe aliibandua, akaitia mfukoni. Sekela alisimama nyuma ya kiti kushuhudia majaribio.

Majani ya misonobari yalihesabika. Ukungu ulikuwa ukungu. Tusekile akainamisha bawa, akazunguka, akainamisha, akazunguka, akainamisha. Macho yake yakaenda upande wa kulia wa kiwanja kwa mazoea, yakakaa hapo muda mrefu. Hapakuwa na kitu.

"Wenyewe hawapo," alisema, kama mtu aliyesimama mlangoni kwa watu, akageuza ndege akarudi.