Taa Iliyofunikwa Kitambaa

Stesheni hakuwa na sauti ya kuimba. Hakuwa na gitaa, wala subira ya kujifunza gitaa. Hata sikio la muziki hakuwa nalo, kwani wimbo hakuwahi kuusikiliza hadi mwisho. Alichokuwa nacho ni kompyuta ya kaka yake na mdomo mpana, na kwa vitu hivyo viwili akajiona mtu wa muziki.

Kila asubuhi alifika shuleni na flashi shingoni, imejaa nyimbo za wizi. Wenzake, waliompa jina hilo kwa kumfananisha na stesheni ya redio, walimzonga kama nzi.

"Stesheni, niwekee ile mpya."

"Foleni, jamani. Msanii hasukumwi."

Msanii gani, naye hata mluzi ulimshinda?

Jioni, kabla hata ya kuvua viatu, aliwasha kompyuta na kuanza kupakua. Programu aliyoitumia ilivuta nyimbo kutoka kwa watu, na papo hapo ikawagawia wengine zile zilizokwisha kuingia. Kwa hiyo taa ya kisanduku cha intaneti ilimetameta bila kupumzika. Kaka asije akaiona, Stesheni alikifunika kisanduku kwa kitambaa cha meza, akaweka chombo cha maua juu yake. Kampuni ya intaneti ilipotuma maonyo kwenye barua pepe ya kaka, aliyafuta. Akajiita mjanja. Mjinga akijiita mjanja, hahitaji adui.

Za mwizi ni arobaini. Jumatatu moja intaneti ilikatika. Kaka alikuwa akisomea ufundi wa umeme kwa njia ya mtandao, na mtihani wake wa mwisho ulikuwa Ijumaa, huko huko mtandaoni. Akamwita fundi wa kampuni.

Fundi aliondoa maua, akavuta kitambaa, akagusa kisanduku.

"Hiki kina homa," alisema. Kisha akatazama simu yake. "Lakini si kibovu. Mmekatiwa. Kampuni ya muziki imelalamika kwamba laini hii inagawa nyimbo zake."

"Na nyinyi ndio mliojaza mabango mjini: pakua bila kikomo," kaka alimjibu.

Fundi akakuna shingo. "Mabango sibandiki mimi, bosi. Mkosaji aandike barua ya kukiri kosa, aitie sahihi. Ikifika ofisini kabla ya Alhamisi, laini inarudi siku hiyo hiyo. Ikiwa ya porojo, mtihani utaufanyia kwa jirani, kama jirani atakubali."

Kaka alimgeukia dada yake, akamkabidhi kile kitambaa. Stesheni akainamisha kichwa.

Siku ya pili alikuja shangazi yao, mpiga gitaa wa studio. Alipitisha macho kwenye nyimbo zilizomo ndani ya kompyuta, akaugusa mmoja kwa kidole chenye sugu.

"Gitaa la humu ni langu. Wimbo ukinunuliwa, napata changu."

"Lakini shangazi, kampuni ile ni tajiri. Haitakufa njaa kwa nyimbo zangu."

"Zako tangu lini? Kampuni inanipunja, nalijua hilo. Wao wanakula nyama, mimi wananiachia mfupa. Wewe umekuja kuunyonya huo mfupa. Kaa uandike."

Stesheni aliandika: Sikujua kuwa ni kosa.

Shangazi akaikunjakunja karatasi. "Asiyejua hafuniki taa."

Karatasi ya pili ikawataja wenzake wa darasani, mmoja mmoja.

"Humu mna watu wengi. Mwizi yuko wapi?"

Stesheni akazifuta nyimbo zote, ndipo akaandika ya tatu, nayo ilikuwa fupi: Nilijua ninaiba, ndiyo maana niliifunika taa. Nyimbo nimezifuta, na sitarudia. Msimwadhibu kaka yangu.

Shangazi aliisoma, akamrudishia. "Sasa umeandika. Shika hili, mwanangu: jambo linalohitaji kitambaa, usilifanye. Na jasho la mtu, hata likisikika tamu, bado ni jasho lake."

Stesheni alitia sahihi, akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja. Njiani kuelekea ofisi za kampuni alikutana na wenzake.

"Stesheni, flashi iko wapi?"

"Stesheni imefungwa," alisema, akawapita, nao wakamfuata. Alipofika, aliitumbukiza barua katika sanduku la mlangoni, mbele ya macho yao wote.