Mume Wangu Alikata Paa la Basi Siku Mbili Kabla ya Kumpeleka Mama Baharini

"Ndiyo, Mama. Nimeshaanza kukata. Valary hajui."

Hayo ndiyo maneno niliyomkuta mume wangu akisema kwa simu. Ijumaa, saa saba mchana, amesimama juu ya basi letu na grainda mkononi.

Mimi nilikuwa nimebeba foronya mpya, bado ziko moto kutoka kwa pasi.

Basi lilikuwa limekatwa. Sisemi limekwaruzwa... limekatwa. Paa lote, kutoka dirisha la kushoto mpaka la kulia, kama mkate.

Na safari ilikuwa Jumapili.

"Maroa."

Akaweka simu mfukoni.

"Maroa, unafanyia nini gari ya mama yangu?"

Akainua miwani ya kuchomelea, akaniangalia vile mtu huangalia mvua.

"Enda nyumbani kwanza. Nikianza kukueleza, utanichelewesha."

Akawasha grainda tena. Cheche zikaruka mpaka kwa foronya zangu.

Wadau, ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, ndio mjue kwa nini siku hiyo nilitafuta jiwe.

Naitwa Valary. Ni fundi wa cherehani hapa Migori mjini, lakini kwetu ni Rangwe. Maroa ni Mkuria wa Kehancha, fundi wa kuchomelea, mtu wa maneno kumi kwa siku, na manane ni "sawa". Mama yangu anaitwa Bathsheba. Sasa mnajua sisi Wajaluo mama mkwe tunamwita maro. Kwa hivyo Maroa na maro wake... huo utani tumechekwa nao mpaka tumechoka.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja tulimpeleka Mama kwa daktari wa macho, Homa Bay. Ni presha ya macho. Daktari hakuzunguka.

"La kushoto limeenda. La kulia lina miezi, halina miaka."

Tukiwa nje nikamwuliza Mama kuna kitu gani anataka, chochote. Nilidhani ataniambia leso.

Akasema, "Adwaro bilo nam mar Mombasa."

Hayo maneno ya Dholuo yawekeni mahali, mtayahitaji. Nam ni ziwa, na kwa watu wa rika la Mama hata bahari ni nam tu. Baba yangu, Dishon, alibeba mizigo bandarini Mombasa na akafia huko kwa ugonjwa nikiwa na miaka mitatu. Mwili ukarudi Rangwe. Mama hajawahi kufika.

Basi mimi nikatangazia kila mtu: Mama anataka kuona bahari kabla macho yazime.

Shida ni nyonga. Mama alianguka ikavunjika, na sasa akikaa kwa kiti saa moja analia. Lazima alale. Ndege hataki, anasema mtu hatundikwi hewani kama nguo.

Maroa akasikiliza hiyo yote. Akasema, "Sawa."

Wiki iliyofuata akavuta nyumbani basi kuukuu la shule, halina viti, kuku wametaga ndani.

Miezi sita, jamani. Aliweka vitanda, jiko la gesi, tangi ya maji, choo kidogo cha kukaa. Kando ya kitanda cha Mama alikata dirisha kubwa la kioo, urefu wa mtu, ndio alale akiona njia yote. Mimi nikashona mapazia. Nikapanga safari kwa daftari: Oyugis, Kericho, Nakuru, Nairobi, Voi. Nilipiga simu nikiuliza kituo gani cha petroli kina uwanja wa kuegesha gari refu, kanisa gani lina maji, matawi gani ya miti yako chini. Nilikuwa najua hiyo barabara na sijawahi kuikanyaga.

Kila jioni nilikuwa nahesabu. Macho ya Mama dhidi ya kazi ya Maroa, nani atamaliza kwanza.

Mwisho wa mwezi wa tano tukalipeleka Rangwe kulijaribu, na Mama apande alipime.

Nilimshika mkono akapanda. Akapapasa pazia.

"Hii kijani imetulia."

Pazia ni nyekundu. Nikacheka, nikasema kweli macho yamechoka.

Akapapasa jiko. Akapapasa kitanda chake. Akaenda mbele, akapapasa kingine.

"Na hiki cha nani?"

"Chetu, Mama. Mimi na Maroa."

Mkono ukatoka kwa kitanda kama umeungua.

"Nishushe."

"Mama?"

"Nishushe, Valary. Mimi nilale chini ya paa moja na ora? Hiyo ni kwer. Unataka chira iingie kwa watoto wako?"

Kama hujui mila zetu: mama mkwe halali kwa nyumba ya mkwe wake. Ora ni mkwe, kwer ni mwiko, na ukiuvunja, chira inakufuata, mtu anakonda mpaka anaisha. Hata kuketi karibu sana ni shida. Mama na Maroa kwa simu wanaongea vizuri, lakini uso kwa uso kila mtu anaangalia kuku.

"Mama, hii ni gari. Ina nambari ya gari."

"Ina kitanda, ina jiko, ina pazia. Hiyo ni nyumba. Magurudumu ni miguu tu."

Nilimbembeleza mpaka sauti ikakauka. Nikamleta mchungaji, maana Mama ni Msabato wa kweli. Mchungaji akasema Mungu haangalii mambo ya paa.

Mama akamwuliza, "Wewe mchungaji, maro wako hulala kwako?"

Mchungaji akaomba maji ya kunywa.

Nilirudi Migori nikiwa nimeisha. Nililia kwa cherehani mpaka sindano ikanidunga. Jicho moja, wadau. Jicho moja limebaki na linafifia, na mama yangu anachagua mwiko.

Nikamwambia Maroa tutaenda tu. Nitambeba kwa nguvu Jumapili asubuhi, akilia alie.

Maroa hakusema hata "sawa".

Ndio maana hiyo Ijumaa, nilipomsikia anamwambia Mama "Valary hajui", nilielewa kitu kimoja. Hawa wawili wamekubaliana kuua safari. Mume wangu anauza basi kama vyuma.

Jiwe nililipata. Nikalirusha, likagonga tangi.

"Shuka. Shuka hapo uniambie ni lini nilikukosea."

"Jua likizama ni Sabato yenu, sitafanya kazi. Niache nimalize."

"Umemaliza! Umenimaliza mimi!"

Nikaketi chini kwa vumbi la chuma nikalia na foronya kwa uso. Majirani walisimama kwa ua, wengine na simu. Sikuwa na haya tena. Nilikuwa naona macho ya Mama yanazima akiwa Rangwe, akiangalia ukuta.

Saa kumi na mbili kasoro, grainda ikanyamaza.

"Njoo," akasema Maroa.

Sikuenda. Akaja akanishika kiwiko, akanizungusha nyuma ya basi.

Kulikuwa na mlango. Mlango mpya, na ngazi yake ya vidaraja vitatu, na komeo la ndani. Nikafungua. Kitanda cha Mama, dirisha lake kubwa, choo chake, na ukuta wa bati na plaiwudi unaotenga huko na kwetu. Hakuna pa kupita.

"Angalia juu."

Pale alipokata, mapaa yalikuwa mawili. Katikati kuna mwanya wa vidole vinne, na turubai imefungwa juu yake kuzuia mvua.

"Niliongea na Mama," akasema. "Aliniambia kama nitaweza kutenga paa, ataenda. Nikikuambia wewe ungesema ni ujinga. Hata kwetu Kehancha, Valary, huyo mama hangelala humo."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko ya mwezi mzima. Nilimwomba msamaha, na jiwe nikaliweka kwa mfuko, liko hadi leo.

Jumapili asubuhi tukafika Rangwe. Maroa akabaki upande wa pili wa basi, vile heshima inataka. Nikamleta Mama.

Akapapasa mlango. Akapanda ngazi, akaingia. Nikamwinulia mkono juu, akapima mwanya. Vidole vinne vikaingia.

Akarudi mlangoni, akakaa kwa kidaraja, akaanza kulia.

"Amekata kweli?"

"Amekata, Mama. Paa mbili. Twende sasa."

"Siwezi."



"Sababu gani tena, Mama? Umesema paa, paa limekatwa. Tukate nini sasa?"



"Nyathina, mwanangu, pazia ni rangi gani?"

Nilianza kuelewa na sikutaka.

"La kulia nalo lilizima mwezi wa nne," akasema. "Sasa yameenda yote mawili. Mlikuwa mnaweka lile dirisha kubwa, wewe unanieleza kwa simu vile nitaona njia yote. Ningekuambiaje? Nikatafuta sababu ambayo hakuna mtu anashindana nayo. Huyu bwana yako nilimpa jambo nikijua haliwezekani. Hakuna mtu hukata paa ya gari yake sababu ya mwanamke mzee."

Nilikaa kando yake. Miezi sita ya kazi, dirisha urefu wa mtu, na nyuma ya kioo hakuna anayeona.

"Basi tumechelewa," nikasema. "Yameisha."

Ndipo sauti ikatoka upande wa pili wa basi.

"Valary. Mama alisema lini anataka kuona?"

"Nini?"

"Mimi Dholuo yangu ni ya sokoni. Nasikia neno moja moja. Hakusema kuona. Alisema bilo."

Jamani. Bilo ni kuonja. Kuonja kwa ulimi. Mimi mwenye lugha nilidhani Mama anasema tu kama watu wanavyosema kuonja raha. Mkuria akasikia neno lenyewe.

"Mama," nikasema polepole, "ulitaka kuonja?"

Mama akapangusa uso na leso.

"Baba yako alikuja likizo akasema mbele ya ndugu zake kwamba nam ya Mombasa ina chumvi. Mimi nimezaliwa karibu na ziwa, maji ya nam tunachota tunakunywa. Nilimcheka. Nikamwita mwongo, na wao wakamcheka. Akaondoka na hasira. Akasema nitakuletea kwa chupa."

"Lakini Mama, siku hizi unajua ni kweli. Kila mtu alikuambia."

"Watu wameniambia. Watu si ulimi wangu."

Upande wa pili wa basi, mtu akakohoa. "Mama, ulimi hauhitaji macho. Tafadhali panda, kabla jua liwe kali."

Mama akasimama, akashika mlango wake.

Tulichukua siku nne. Dirisha halikupotea bure, alilala hapo akiniuliza kwa simu, mimi niko mbele, "Sasa tunapita nini?" na mimi namweleza mpaka chaji inaisha. Huko nyuma nilisikia akifunga komeo lake kila jioni kama mwenye nyumba.

Tulifika ufuoni saa nne asubuhi. Na maji hayakuwepo.

Niliogopa, sitawadanganya. Kwetu ziwa haliendi mahali. Hapa mchanga tu, maji yako mbali kabisa, na nyonga ya Mama haiwezi hapo. Mama mmoja anayeuza madafu akacheka. Akasema yamekupwa, ngojeni yatarudi yenyewe.

Tukamweka Mama kwa kiti cha plastiki, mbele kadiri alivyoweza. Maroa akasimama nyuma mbali, anaangalia minazi.

Tulingoja mpaka mchana. Maji yakaja polepole, yakamgusa miguu. Akashtuka, kisha akainama, akachota kwa kiganja, akanywa.

Alikunja uso mzima.

"Dishon," akasema. "Wuon Valary, baba Valary. Hukudanganya."

Alirudia hivyo mara nyingi, mpaka nikaangalia kando.

Baadaye nikamwuliza, "Kumbe Baba hakuwahi kuleta ile chupa?"

"Alileta. Ilikuja kwa sanduku la nguo zake, siku ya mazishi. Chupa ya soda, amefunga na nailoni. Niliiweka chini ya kitanda, nikasema matanga yakiisha nitaonja."

"Ikaenda wapi?"

Akanipapasa kichwa.

"Ulikuwa na miaka mitatu. Uliona kuku wana kiu."

Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia. Hakunipiga, hakunitajia, hata siku moja nikiwa nimemkosea.

Nilinunua soda hapo hapo, nikaimwaga, nikajaza chupa maji ya bahari, nikafunga na nailoni. Tulipofika Rangwe, Mama aliimimina mwenyewe kwa kaburi la Baba, nusu. Nusu nyingine iko chini ya kitanda chake, na kuku hawaruhusiwi kuingia.

Nyinyi mnaosoma hii, mzazi akikuambia neno, lisikie vile amelisema kabla ulifanye lako. Mimi nilijenga dirisha mahali mama yangu alihitaji kikombe.

Na kama unatafuta fundi wa kutenga paa kwa heshima ya mkwe, Maroa yuko. Ukimpigia atasema "sawa" na aishie hapo, usidhani amekata simu.