Mama Asiyejulikana Jina

Kila asubuhi kabla ya shule, Kwamboka alichuma majani chai pamoja na mamake huko Nyacheki. Mikono ilichuma, mawazo yakatangatanga. Ndani ya ukungu aliwaona akina mama wamepanga mstari mrefu, kila mmoja ameshika bega la aliye mbele yake, hadi macho yakashindwa kuufuata.

Aliyemtia ndoto hizo ni Mwalimu Nyasani. Alikuwa amewafundisha kwamba ndani ya seli mna mitokondria, vijisehemu vya kuzalisha nishati, yenye DNA yake yenyewe, ambayo mtoto huirithi kwa mama tu. Mara chache, katika kunakiliwa, herufi moja ya DNA hiyo hubadilika, na uzao wote wa upande wa mabinti huirithi hivyo hivyo. Kwa kulinganisha mabadiliko hayo, wanasayansi wamerudi nyuma hadi kwa mama mmoja aliyeishi Afrika zamani za kale.

"Kila mtu achore mstari wa mama zake," mwalimu aliagiza. Mchoro bora ungepelekwa kwenye maonyesho ya sayansi mjini Kisii.

Kwamboka aliitaka safari hiyo kwa kufa na kupona. Mababu wa upande wa baba aliwajua tangu utotoni, majina tisa bila kuvuta pumzi. Upande wa mama alijua mawili tu: mamake Ruth, na Nyanya Nyanchera wa Nyamira. Akampigia Nyanya simu.

"Mama yangu alikufa nikiwa mchanga, mjukuu wangu," Nyanya alisema polepole. "Nililelewa na watu wa baba. Hakuna aliyenitajia jina lake."

Kwamboka akabuni majina matano matamu, akaujaza mstari wake. Mchoro wake ukashinda.

Kesho yake shambani, kwenye ule mstari wa ukunguni, mahali pa mamake Nyanya aliona mtu baki. Moyo ukamwuma. Alipofika shuleni alienda moja kwa moja ofisini.

"Mwalimu, yale majina niliyatunga. Nyanya hamjui mamake, nami nimempa wa uongo."

"Basi Bravin, aliyekuwa wa pili, ndiye atakayeenda Kisii," mwalimu alisema. Kwamboka akalia waziwazi. "Sikiliza, Kwamboka. Uongo ukishaandikwa, wanaokuja nyuma huurithi wakidhani ni kweli. Nafasi tupu haimdanganyi mtu. Tena, huyo mama hajapotea. DNA yake imo mwilini mwako, na mwa nyanya yako."

Jioni Kwamboka alimpigia Nyanya na kumweleza yote.

"Kumbe miaka yote hii nimekuwa naye?" Nyanya aliuliza.

"Ndiyo, Nyanya."

"Basi umefanya vizuri kusema kweli, mwanangu. Yule wa kutunga, ningemshukuru bure kwa kunizaa."