Sikio la Kushoto

Foleni ya duka la vifaa vya shule, Jumamosi ya kwanza ya muhula, haina adabu. Watu wanasukumana, mashine ya fotokopi inanguruma, mwenye duka anapayuka "Nani anafuata?" na kila mtu anafuata yeye. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamke mwenye gauni la pamba la rangi ya ndimu, amekumbatia makopo matupu na mfuko wa maharage. Skafu yake ya zambarau ilikuwa imeanguka sakafuni, naye hana habari.

Nyuma yake kidogo, upande wa kushoto, alikuwepo mwanamume mrefu mwenye miwani, shati lake limepigwa pasi mpaka kwenye vifungo. Alikuja kununua betri.

"Dada, skafu yako."

Kimya.

"Dada! Umeangusha skafu."

Kimya vilevile. Mama mmoja kwenye foleni akaguna. "Kaka, achana naye. Huyo anaringa, utakauka koo bure."

Lakini mwenye miwani alikuwa king'ang'anizi. Akaiokota skafu, akalipia betri zake, akamfuata mpaka nje, akamgusa bega. Mwanamke alishtuka, nusura amwage maharage. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtu anayeomba radhi kabla hajaambiwa kosa lake.

"Nimekuita mpaka mwenye duka akaitika yeye."

"Jamani, samahani! Nilikuwa na mawazo."

"Mawazo ya nini hayo?"

"Ya maharage."

"Ya kupika?"

"Ya kuhesabia. Nina watoto ishirini na wanne."

Mwanamume akavua miwani. "Ishirini na wanne! Baba yao yuko hai kweli?"

Mwanamke alicheka mpaka makopo yakagongana kifuani. "Wa darasani, wewe! Mimi mwalimu wa chekechea." Akachukua skafu yake, akashukuru, akaenda zake. Njia nzima alikuwa anacheka peke yake, na niseme ukweli, wiki ile hakuwa amecheka hata mara moja.

Shuleni walimu wenzake walimwita Malkia, na si kwa mapenzi. Ukimsalimia kwenye korido, haitikii. Ukimnong'oneza umbea saa ya chai, anatazama dirishani. "Malkia hana muda na sisi," walisema. Jina hilo lilimfikia siku liliposemwa upande wa kulia, na tangu siku hiyo alianza kunywa chai yake darasani, kwenye kiti cha mtoto, magoti yakigusa kidevu.

Hakuna aliyejua kwamba miaka miwili nyuma homa kali ilimlaza wiki tatu, na alipoamka sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Hakumwambia mtu. Alimkumbuka mwalimu mmoja aliyepungukiwa na nguvu za macho, akahamishiwa stoo ya vitabu, akastaafia hukohuko. Yeye aishi stoo bila watoto? Bora wamwite Malkia.

Alipanga chumba kimoja na jiko. Asubuhi za Jumapili akilalia sikio la kulia, kila kitu kilizimika: magari, majirani, hata mvua. Mwanzoni aliona raha. Siku hizi aligeuka haraka, akiogopa kwamba siku moja atageuka na kimya kitabaki palepale.

Kila Jumatano darasa lake lilikuwa na mgeni, na mgeni wa Malkia haruhusiwi kuhutubia: lazima watoto washike kitu. Fundi bomba aliwaungisha mabomba mpaka sakafu ikalowa. Mwokaji aliwakandisha unga, wakarudi nyumbani na nyusi nyeupe. Jumatano iliyofuata Jumamosi ile, Mwalimu Mkuu alikuwa amemleta mpimaji wa masikio kutoka kliniki. Mlango ukafunguliwa, ikaingia miwani, likaingia shati la pasi.

"Mama wa watoto ishirini na wanne!"

"He! Kaka wa betri!"

Watoto wakamzunguka. Mpimaji akafungua sanduku lake, akatoa mashine, hedifoni, kopo na vipande vya mbao. "Huu ni mchezo," alisema. "Shika kipande hiki karibu na shavu. Ukisikia tiii, hata iwe ndogo namna gani, tupia koponi. Usiposikia, shikilia. Hakuna kushindwa hapa."

"Aanze Mwalimu!" akapayuka binti mmoja aliyeng'oka meno mawili ya mbele. Darasa zima lilimwita Pengo, naye alijivunia.

Malkia angekataaje? Alivaa hedifoni, akashika kipande. Sikio la kulia, kong! kong! kong! Watoto wakashangilia. Mpimaji akahamia kushoto, na Malkia akahamishia macho kwenye kidole gumba cha mpimaji. Kidole kikibonyeza, anatupia. Kong! Kong! Mpimaji akatulia kidogo. Kisha akaishusha mashine chini ya meza, mahali ambapo kidole hakionekani.

Darasa lilinyamaza. Kipande cha mbao kilianza kulowa jasho mkononi mwa Malkia. Akangoja, akangoja, mwisho akabahatisha. Kong! Mpimaji hakuwa amebonyeza kitu.

"Safi sana!" akasema mpimaji bila kusita. "Haya, mpigieni Mwalimu makofi. Nani anafuata?"

Watoto walipotoka kucheza, Malkia alibaki akipanga makopo ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. Mpimaji hakumwita. Alizunguka meza yote, akaja kusimama kulia kwake, ndipo akasema. Miaka miwili, na huyo alikuwa mtu mzima wa kwanza kuja upande ule bila kuvutwa.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Ulikuwa unatazama kidole changu. Watoto watundu ndio wanaofanya hivyo."

Malkia akaketi. "Usimwambie Mkuu, nakuomba. Wakinitoa hapa mimi sina pengine. Sina, kabisa."

"Simwambii mtu. Ila njoo kliniki nikupime sawasawa."

"Nitakuja," alisema. Hakwenda, bali alimpa namba ya simu.

Basi ikawa kila saa moja jioni simu inalia, na Malkia anaiweka sikio la kulia huku anageuza viazi jikoni.

"Umekula, Malkia wangu?" Alikuwa amemsimulia lile jina la masengenyo, na mdomoni mwake liligeuka tamu.

"Bado. Wewe?"

"Nimekula wasiwasi."

"Wa nini, mpenzi?"

"Kliniki lini?"

"Mmh, umeshaanza."

"Sijaanza. Naendelea."

"Unanipenda mimi au sikio langu?"

"Lile la kulia nalipenda sana. La kushoto hatujatambulishana."

Jumamosi walitembea. Alivaa lile gauni la ndimu kwa sababu mpimaji alilisifu, naye mpimaji alikaa kulia kwake njia nzima. Walipofika kwenye kona ya duka la dawa, mahali pa kuagana, daima alihamia kushoto kidogo, kisha akarudi kulia na kusema, "Haya, tuonane." Malkia alidhani anamkinga na pikipiki. Aliupenda uangalifu ule, asimuulize kitu.

Mwezi wa pili wa muhula, Mwalimu Mkuu alimwita ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Kaa."

Feni ilivuma juu ya vichwa vyao. Mezani palikuwa na karatasi yenye muhuri wa kliniki, na chini yake sahihi aliyoifahamu vizuri. Mkuu alisimama dirishani, upande mbaya, akawa anazungumza. Maneno mengi yaliondoka na feni. Alipogeuka ndipo Malkia akasikia: "...kwamba husikii upande wa kushoto. Kwa nini ulinificha, mwanangu?"

Malkia alikuwa anaitazama ile sahihi.

"Nakupa wiki mbili uniletee cheti cha kliniki. Mpaka hapo utakuwa na mwalimu mwingine darasani. Nisipokiona, nitakutafutia kazi nyingine."

Jioni ile hakungoja saa moja. Alipiga yeye.

"Ulisema humwambii mtu."

"Malkia? Sijamwambia mtu."

"Sahihi yako nimeiona mezani kwa Mkuu! Masikio yangu mabovu, macho ni mazima."

"Sahihi ya nini? Hebu nisikilize..."

"Nilikusikiliza. Hapo ndipo nilipokosea." Akakata simu, akaifungia namba yake, akalala njaa.

Jumatatu mpimaji alimsubiri nje ya geti la shule. Malkia alitoka, magari yakipita, vumbi likitimka. Mpimaji akamwita. Akamwita tena kwa sauti kubwa mpaka muuza magazeti akageuka. Malkia akapita, kichwa chini, skafu ya zambarau ikipepea. Sasa niambie, mtu aliyesomea masikio miaka mitatu, cheti kimetundikwa ukutani, hakujiuliza amesimama upande gani! Alikuwa ameumia mno. Akageuka, akarudi kwao, hakuja tena.

Siku zikaenda. Saa moja jioni ilifika na simu ikakaa kimya juu ya meza. Malkia aliwasha redio, akaizima. Alipika chakula cha watu wawili kwa mazoea, akala cha nusu mtu. Darasani yule mwalimu wa pili alikaa nyuma na daftari, na kila aliposogeza kiti Malkia aligeuka kuangalia kama kuna mtoto anayelia. Jumapili alilalia sikio la kulia kwa makusudi, kimya kikamfunika, akalia humo bila kujisikia.

Siku ya kumi na moja, saa ya michezo huru, alikuwa anarudisha maharage kwenye makopo. Kwenye kona ya kuigiza Pengo alikuwa amevaa hedifoni za vifuniko vya makopo na kamba. Mwenzake alivaa miwani ya waya.

"Mimi Mjomba Tiii, wewe Mwalimu," alisema mwenye miwani. "Tiii huku!"

Pengo akatupia kipande. Kong!

"Tiii na huku!"

Pengo akakishikilia shavuni.

"Tupia basi!"

"Situpii. Huku Mwalimu hasikii, umesahau?"

"Eti eeh."

Malkia akapiga magoti mbele yao. "Pengo, nani amekuambia hivyo?"

"Hakuna. Sisi tunajua tu. Ndiyo maana tunakuvuta sketi, na tunakuja huku." Akamgonga bega la kulia. "Hata Mwalimu Mkuu anajua. Siku ile ulipokwenda chooni alituuliza tunacheza nini, tukamfundisha. Alitupia vibaya huyo!"

Watoto ishirini na wanne walikuwa wamemtunzia upande wake muda wote huo, naye alijiona hana mtu. Alimkumbatia Pengo mpaka vifuniko vikaanguka, kisha akaenda mbio ofisini.

"Mwalimu Mkuu, ile karatasi ya kliniki ilikuwa ya nini?"

"Majibu ya watoto. Si nilikuambia siku ile, wote wazima? Ukanitazama tu."

Malkia aliifungua namba ya mpimaji, akapiga. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Ikaita vilevile.

Kesho yake aliomba ruhusa, akavaa gauni la ndimu, akachukua namba kwenye foleni ya kliniki kama mgonjwa yeyote. Ilipoitwa kumi na saba, akaingia kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji. Mpimaji hakuinua uso.

"Umri?"

"Unaujua."

"Najaza fomu."

"Nilikukosea," akasema Malkia. "Ni watoto waliosema, nao hawakuwa na ubaya. Mimi nilikuona mwongo bila kukuuliza. Nisamehe. Na hata usiponisamehe, nipime. Nataka cheti, siwezi kuwaacha wale watoto."

Mpimaji akaiweka kalamu chini. Akamsogezea kitufe cha kubonyeza, kile cha watu wazima.

"Nipe kopo," akasema Malkia.

"Kopo ni la watoto."

"Nipe la watoto."

Akapewa. Akavaa hedifoni, akafumba macho ili asione kidole cha mtu. Kulia, kong, kong, kong, hata zile sauti nyembamba kabisa. Kisha kushoto. Alishikilia kipande shavuni. Akangoja. Machozi yakaanza kupita juu ya vidole vyake, na bado akashikilia. Safari hii hakubahatisha hata mara moja.

Mpimaji akamvua hedifoni taratibu. Akavuta kiti, akaketi kulia kwake.

"Kushoto hakuna kitu, Malkia. Sitakudanganya, na hakitarudi. La kulia ni zima kabisa. Homa iliondoka na lile moja, hili haijaligusa."

"Haliondoki?"

"Sioni dalili hata moja. Nitakuandikia kwamba unafaa kufundisha, meza yako iwekwe pembeni ili watoto wote wawe kulia kwako."

"Wameshajiweka wenyewe," akasema, akajifuta uso kwa skafu.

"Mbona ulinipita getini?"

"Getini lini?"

"Jumatatu ile. Nilikuita mpaka watu wakanicheka."

"Ulisimama wapi?"

Mpimaji akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Kushoto."

"Na ndiye mtaalamu!"

Walicheka mpaka muuguzi akachungulia. Kisha Malkia akakumbuka kitu. "Na pale kwenye duka la dawa, kwa nini ulikuwa unahamia kushoto? Pikipiki?"

Mpimaji akaangalia viatu vyake. "Si pikipiki. Kulikuwa na kitu nasema."

"Upande huo? Unajua kabisa sisikii!"

"Ndiyo maana. Mimi mwoga, Malkia. Niliona bora niseme usisikie, kuliko usikie ukatae."

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

"Mwoga kweli wewe." Akageuza shavu la kulia. "Sema huku."

Mpimaji akainama, miwani ikamgusa nywele. Akasema taratibu kwamba amechoka kuagana kwenye kona, na kwamba anataka amuoe, kama atakubali.

Nje muuguzi aliita kumi na nane. Malkia alitazama mkono wake; kile kipande alichokishikilia kwa ajili ya sikio la kushoto bado kilikuwemo, kimelowa. Akanyoosha mkono juu ya kopo, akakiachia.

Kong.