Mguu wa Kushoto wa Rachida

"Ile muguu ya kushoto iko inakuuma, ao najidanganya?"

Rachida aligeuka na liputa mkononi, kitenge cha wax. Soko kuu la Kisangani lilikuwa limefurika, redio zikishindana, mvua ya asubuhi bado ikidondoka kwenye mabati, na huyu mteja, badala ya kuuliza bei, anauliza mguu!

"We umekuja kununua liputa ao muguu?"

Mwanaume akacheka. "Liputa. Lakini toka nimefika uko unasimama na muguu moja. Miye ni docteur wa mishipa. Lukumani."

Alivaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri, na alikuwa na sauti ya mtu asiye na haraka. Rachida alijikuta anavuta sketi yake chini, ingawa tayari ilikuwa inafagia ardhi.

Wacha niseme ukweli wa sketi hizo. Kila siku rangi mpya, kila siku mpaka chini kabisa, na watu walidhani ni heshima ya binti wa Kiislamu. Heshima ilikuwepo, lakini kilichozidi ni woga. Mishipa ya mguu ule ilikuwa imevimba na kujipinda kama mizizi. Yannick, aliyekuwa karibu kumposa, aliiona siku moja tu, na simu zake zikakoma. Tangu hapo Rachida hakupanda toleka, baiskeli zinazobeba abiria mji mzima, kwa sababu ukikaa nyuma sketi hupanda. Jioni alirudi nyumbani Tshopo kwa miguu, akichechemea.

Lukumani alitoa mfukoni kitu kidogo kama mashine ya kunyolea ndevu, akakiunganisha na simu yake. "Ni echo. Dakika tano tu."

"Echo!" Mama Emilie wa meza ya jirani akapiga makofi. "Rachida, mimba ya nani?"

"Echo ya muguu, mama," Lukumani akajibu, na wauzaji wote wakaangua kicheko. Pale sokoni echo walijua moja tu, ile picha ya tumboni ya wajawazito.

Nyuma ya vitambaa vilivyotundikwa, Mama Emilie akilinda, Rachida alipandisha sketi mpaka gotini, akafumba macho, akingoja mwanaume wa pili akimbie. Hakukimbia. Alipaka jeli ya baridi, akaminya kigimbi taratibu, akamwonyesha simu.

"Ona, damu inapanda. Ndani ya mushipa kuko kamulango. Ingefaa kafunge, lakini hakafunge, donc damu inarudi chini. Juu ya kusimama siku muzima. Inatibika."

"Inatibika?"

"Sindano moja, ao mbili. Dawa iko kama povu, na echo inatuonyesha fasi sindano iko."

Rachida alitaka kulia. Miaka sita amefunika kitu kinachotibika!

Basi simu za Lukumani zikaanza, kila jioni baada ya swala.

"Muguu iko namna gani?"

"Iko inakusalimia."

"Na mwenye muguu?"

"Anapika pondu. Docteur anataka nini tena?"

"Docteur hataki kitu. Lukumani njo anataka kusikia sauti."

Halafu, moyo wa msichana ukiwa umeshayeyuka, mtu anaongea juu ya soksi za kukaza mishipa! Rachida akabaki hajui ashike lipi. "Chérie, usisimame sana," hiyo ni mapenzi au ni dawa? Alimuuliza Mama Emilie.

"Yote mbili," Mama Emilie akasema. Akafikiri kidogo. "Ao hakuna hata moja."

Siku ya sindano Rachida alivaa njano, akapaka hina miguuni, akajifukiza udi. Kliniki alimkuta docteur Ursule, mama mwenye mvi, na kile kifaa mkononi.

"Docteur Lukumani iko wapi?"

"Iko bureau. Lakini hatakutunza tena, ameandika yeye mwenyewe jana. Bon, lala hapa."

Sindano haikuuma sana. Kwenye simu aliona mshipa ukijaa weupe wa povu, na hakufurahi hata kidogo. Lukumani ameuona mguu, ameshiba, kama Yannick! Akavalishwa soksi, akatokea mlango wa nyuma, akazima simu.

Alipoiwasha kesho yake, Lukumani alikuwa amepiga mara tisa, na akaendelea kupiga. Rachida hakupokea. Lakini hapo ndipo alipochanganyikiwa kabisa. Kama ameuchukia mguu, anapiga za nini? Na kama anampenda, amemkataa kwa nini? Alikosea vipimo vya vitambaa juma zima.

Siku ya nane, saa tisa, Lukumani akatokea mezani. Alivaa shati la wax aliyoinunua kwake, limeshonwa vibaya, kola imeenda upande.

"Umekuja kununua liputa ao muguu?" Rachida akauliza, na safari hii hakuwa anatania.

"Nimekuja kukueleza."

"Eleza nini? Ulikataa kunitunza! Ulichukia muguu yangu!"

"Nani alichukia? Rachida, kwetu docteur hatunze mutu ule anapenda. Mukono inatetemeka, sindano inakosa mushipa. Na kama ningebaki docteur yako, ningeenda kwa papa yako na uso gani?"

"Juu ya nini haukusema?"

"Nilikungoja kwa mulango baada ya sindano. We ulipita nyuma."

Mama Emilie akashika kichwa. "Donc juu anakupenda, njo anakukataa? Batu ya masomo muko na matata!"

Rachida hakucheka. Hasira ilikuwepo bado, furaha imeshaingia, na hakujua ampe ipi kwanza.

"Nilimupigia papa Mohamadi," Lukumani akasema polepole. "Atanipokea saa kumi. Lakini anasema, kama binti yake hanilete yeye mwenyewe, nisifike kwake."

Rachida alimtazama, akaitazama ile kola. Kisha akafunika meza yake kwa nailoni, akampa Mama Emilie funguo, akatoka mpaka barabarani na kuinua mkono. Toleka mbili zikasimama.

Alikaa nyuma ya ile ya kwanza, upande upande kama wanawake wote wa mji. Sketi ikapanda mpaka karibu na goti. Soksi ya kukaza ikaonekana mbele ya soko zima, na chini yake mguu wa kushoto. Mkono wake ulishuka kuivuta sketi, kama ulivyozoea, ukaishia njiani. Rachida akaurudisha kwenye kiti cha baiskeli.

"Tshopo, kwa papa Mohamadi," akamwambia dereva. "Ule wa nyuma atatufuata."