Harufu ya Kondoo

Kila asubuhi Eliane alichota maji bombani, akafagia uwanja, kisha akakaa kwenye kigoda kuchambua ndagala, wale dagaa wa ziwani, ambao mama yake, Félicité, aliwakaanga na kuwauza kando ya barabara. Maji aliyachota akiimba, na ufagio aliushika akiimba. Lakini ndagala aliwachambua akiwa amejifunga kitambaa puani, akimshika kila mmoja kwa ncha za vidole viwili kama mtu anayeokota ufunguo ulioangukia chooni. Mtaa mzima wa Songo ulijua kwamba msichana huyu ana kinyaa. Kikombe alichonywea mwingine hakukigusa mpaka akioshe mwenyewe. Nzi akitua kwenye ugali wake, basi, ameshiba.

Hata hivyo, ndagala walikuwa na nafuu. Kitu kilichomchefua Eliane kuliko vyote duniani ni nyama ya kondoo. Familia yake ilitoka Burundi, ng'ambo ya mpaka, na kwao kondoo haliwi. Bibi yake, mama wa baba, alifuga kondoo pamoja na ng'ombe kwa sababu ni mnyama mpole, lakini ukimwambia habari ya kumtia chunguni alitema mate chini. Alisema nyama yake inanuka na inaharibu ngozi. Eliane hakuwahi kuiona nyama hiyo ikipikwa, wala hakuwahi kuinusa. Ila alijua kwamba inanuka, na hakuna mtu ambaye angemwambia vingine.

Katika parseli waliyopanga, yaani kiwanja chenye nyumba kadhaa na uwanja mmoja, nyumba ya mbele ilikaliwa na mama mzee, na ya pili na mama mmoja kutoka Niger aliyeitwa Mariama. Mumewe alichimba visima katika vijiji vya bonde la Ruzizi na alirudi nyumbani mara chache. Mariama alikuwa amejifungua mtoto wa kiume siku chache zilizopita. Alizaa kwa shida, akapoteza damu nyingi, na muuguzi alimwonya kwamba asipokula vizuri hatapata nguvu wala maziwa. Lakini chakula kilikataa kupita kooni. Mtoto alinyonya, akaachia titi, akalia.

"Kwetu mwanamke akizaa anapewa supu ya kondoo," Mariama alimwambia Félicité kwa Kiswahili chake alichokuwa bado anajifunza. "Kondoo, tangawizi, pilipili. Damu inarudi, maziwa inakuja. Hapa ni ndagala, ndagala, ndagala. Nikienda soko kutafuta kondoo, wanasikia ninavyosema, bei inapanda mpaka mbinguni."

Félicité alicheka, kisha akamhurumia. "Usihangaike, dada. Gaspard, ule muchinjaji wa nyuma ya soko, anachinjaka kondoo asubuhi. Nitamutuma Eliane. Yeye wanamujua, watamufanyia bei ya watu ya hapa."

"Nani anashika kisu?" Mariama aliuliza. Yeye alikuwa Mwislamu na hakula nyama iliyochinjwa ovyo.

"Muzee mumoja Mwislamu. Usiogope."

Eliane, aliyekuwa akisikiliza kando ya ndagala wake, alihisi mate yakimjaa mdomoni, na si ya hamu. "Minye, mama?" akajigusa kifua. "Nikabebe kondoo?"

"Weye. Na usipite njia ingine. Kwa Gaspard tu."

Kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, kisingizio cha shule hakikuwepo. Eliane alichukua kikapu na pesa, akapita kati ya pikipiki zilizojaa barabarani, akazunguka nyuma ya soko mpaka machinjioni. Hapo akasimama. Maji mekundu yalitiririka mferejini na mbwa wawili waliyaramba. Juu ya gunia vichwa vya mbuzi vilipangwa, macho wazi, ndimi nje. Kijana mmoja alikuwa akikamua utumbo, na kilichotoka ndani, rangi ya majani yaliyotafunwa, kilianguka chini kwa mshindo wa majimaji. Watu waliomsubiri Gaspard walikuwa wengi, na kusimama pale hata kidogo tu lilikuwa jambo lisilowezekana kwake.

Aligeuka. Kando ya mfereji, penye maegesho ya pikipiki, mtu mmoja alikuwa amechuchumaa mbele ya ndoo iliyofunikwa kwa mfuko wa plastiki.

"Mutoto muzuri, unatafuta nini?"

"Kondoo," Eliane alijibu kwa sauti ndogo.

"Kondoo! Iko hapa. Ya mulimani, ya leo leo."

Akainua plastiki. Nzi waliruka kwa pamoja, na chini yao uvundo ukapanda, mzito, wenye utamu mbaya, ukamwingia Eliane puani na kumkaa ulimini. Nyama ilikuwa nyeusi. Pembeni ilikuwa na kijani kidogo, na juu yake uling'aa ute kama wa konokono.

"Inanuka," alisema, mkono puani.

Yule mtu alicheka mpaka akakohoa. "Sasa kondoo yenye hainuke ni kondoo gani? Uliza nyumbani kwenu!"

Naam, nyumbani kwao wangemwambia nini? Hayohayo. Bibi alikuwa amesema, na bibi hakuwa mwongo. Tena bei ya huyu ilikuwa ndogo kuliko ya Gaspard. Eliane alilipa, akageuza uso pembeni huku yule mtu akiifunga nyama, akarudi nyumbani akiwa ameunyoosha mkono wenye kikapu mbali na mwili wake.

Félicité alipofungua kile kifurushi alirudi nyuma hatua nzima, akamwita Mungu kwa Kirundi. "Mana yanje! Hii ndiyo ya kwa Gaspard?"

"Ndiyo, mama," Eliane alisema.

Neno moja tu, nalo lilitoka kwa urahisi wa ajabu. Félicité alikunja uso, akafunga ncha ya kitenge chake puani. "Basi mama mukwe hakusema uongo," alinong'ona. Maana na yeye, mpishi mzuri wa kusifiwa na mtaa, hakuwahi kupika kondoo hata siku moja.

Waliiosha. Maji ya kwanza yalitoka ya kijivu, yenye povu. Waliiosha tena kwa ndimu na chumvi, na ute uliteleza vidoleni mwa Eliane, ukakataa kutoka hata kwa sabuni. Alikimbilia nyuma ya choo akatapika chai yote ya asubuhi. Aliporudi, mama yake alimshika bega na kumwambia kwa sauti ya chini, "Usionyeshe hiyo sura mbele ya Mariama. Ni chakula yao. Tusimupatishe haya." Wakaitia sufuriani na vitunguu, tangawizi na pilipili nyingi, wakaibandika juu ya mbabula iliyojaa makaa.

Ilipochemka, mambo yakawa mabaya zaidi. Mvuke ulitambaa uwanjani, ukaingia kwenye nguo zilizoanikwa. Watoto wa jirani walipita wakitema mate. Mama na binti walikoroga kwa zamu, kila mmoja ameziba pua na kutazama pembeni, kila mmoja akijiona ana moyo mwema kweli.

Mlango wa Mariama ukafunguka. Alitoka polepole, mtoto kifuani, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu atoke kujifungua, kwa sababu aliambiwa kondoo wake yuko jikoni. Alipiga hatua chache uwanjani. Tabasamu likafutika.

"Mama Eliane, nini imekufa hapa?"

"Ni kondoo yako, dada," Félicité alijibu kwa upole wote aliokuwa nao, kitenge bado kikiwa puani.

Mariama alisogea, akafunua sufuria, akatazama, akafunika. Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele.

"Mlifikiri mimi ninakula hii?" aliuliza. Macho yake yalijaa machozi. "Hii imeoza. Nyinyi mmeshika pua, nimesikia mtu anatapika, na bado mmepika. Mlisema moyoni, ni sawa tu, ni ya Mariama?"

Félicité alikishusha kitenge puani polepole, kisha akamgeukia binti yake. "Eliane. Hii nyama ilitoka kwa Gaspard?"

Eliane alitazama miguu yake. Alitamani ardhi ipasuke. "Hapana, mama. Niliona damu na vichwa, nikashindwa kusimama. Nilinunua kwa muntu mwenye ndoo. Nilimuambia inanuka, akasema kondoo inanukaka vile. Nikaamini." Akaanza kulia. "Nilidanganya, mama."

Félicité hakumpiga. Alichimba shimo nyuma ya nyumba, akamwaga kila kitu, nyama na mchuzi, akafukia kwa majivu na udongo ili hata mbwa asifikie. Eliane aliisugua sufuria kwa mchanga mpaka vidole vikamuuma, na safari hii hakufunga kitambaa. Kisha mama akamshika mkono, wakatoka.

Gaspard, mwanamume mnene mwenye aproni iliyojaa damu, aliwasikiliza huku shingo ikimvimba kwa hasira. "Ule muntu wa ndoo! Juzi alileta hapa kondoo yenye ilikufia mu lori. Veterineri alisema izikwe, nikamufukuza. Kumbe aliikatakata! Na mama mwenye ametoka kuzaa angeikula!" Hapohapo alimwita mkuu wa soko, na ndoo ile ikanyakuliwa pamoja na mwenyewe, nzi wakiifuata nyuma.

Gaspard aliporudi alishusha paja la kondoo kutoka kwenye ndoano. Lilikuwa jekundu, kavu, lenye mafuta meupe na mhuri wa zambarau wa daktari wa mifugo. Akamsogezea Eliane.

"Nusa."

"Siwezi, papa Gaspard."

"Nusa. Umenusa mufu leo, utashindwa hii?"

Eliane alifumba macho, akanusa. Alingoja kichefuchefu. Kilichokuja ni harufu ya majani, na mafuta kidogo, basi. Alifumbua macho, akanusa tena, maana hakuamini. Miaka yote hiyo alikuwa amechukia harufu ambayo hakuijua. Aibu ilimchoma kuliko uvundo wa asubuhi ulivyomchoma.

Gaspard aliwapimia kwa bei ileile anayowauzia wote, akaongeza mifupa ya supu bure kwa ajili ya mzazi. "Na yule mama akipona, aje mwenyewe," alisema. "Muntu akimupandishia bei sababu ya luga yake, aniite minye."

Walipokaribia nyumbani Félicité alisema, "Wakati tulivuka mupaka, weye ulikuwa ungali mugongoni. Tulikuwa tunalala mu mahema, maji haikuwako, sabuni haikuwako. Kuko watu walikuwa wanapita wanashika pua. Minye nililia sana. Na leo minye mwenyewe nimemushikia mugeni mwenzangu pua mu uwanja wake."

Safari hii Mariama ndiye aliyeongoza kutoka kwenye kiti chake: choma kwanza mafuta, usitie maji mapema, tangawizi mwishoni. Mvuke ulipopanda, watoto wa jirani walirudi, na hawakutema mate. Walisimama tu, wakimeza. Mariama alikunywa bakuli zima. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, akafunga macho, akasema maneno ya lugha ya kwao ambayo hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Jioni mtoto alinyonya, hakuachia titi, akalala.

Eliane alipiga magoti mbele ya Mariama. "Tantine, unisamehe. Nilikudanganya, na ningekuua."

"Nimesamehe," alisema Mariama, akajaza bakuli lingine na kumnyooshea. Alipoona msichana ameganda, akacheka. "Sisemi kula. Kwenu hamli, sawa, na mimi ndagala zenu sitaki! Mpelekee mama mzee wa nyumba ya mbele, yeye anakula."

Félicité alikuwa ameketi karibu nao. "Sikiliza, mwanangu," alisema. "Kukosa kula kondoo haiko kosa. Kosa yako ya kwanza ni uongo: ungesema ukweli, ile nyama haingefika mu sufuria. Kosa ya pili ni yetu sisi wawili. Pua ilituambia imeoza. Kama ingekuwa nyama ya ng'ombe, tungeitupa saa ileile. Lakini kwa sababu ilikuwa chakula ya mwingine, tulisema uchafu unamufaa. Usirudie, na minye sitarudia. Nyama yenye haina mhuri, yenye inanuka, yenye iko na nzi, ni sumu kwa kila muntu, ikuwe ya mbuzi, ikuwe ya kondoo."

"Nimesikia, mama."

Eliane alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Alivuka uwanja polepole ili asimwage, mvuke wa kondoo ukimpanda usoni moja kwa moja, na kitambaa chake kikabaki juu ya kigoda.