Tiketi ya Mama Edson

Pale Kibirizi, wauza dagaa wana utaratibu wao. Rozalia akishanunua mzigo, halifungi gunia kwanza. Analiacha wazi na kuita, "Jamani, mmeona? Mzigo huu ni wa Mama Edson!" Wenzake wanaitikia, "Ego," yaani ndiyo, "tumeuona!" Basi, yameisha. Hakuna atakayekuja baadaye kusema gunia ni lake.

Wiki ile Rozalia alikuwa hashikiki kwa furaha. Mwanawe Edson alikuwa amepangwa kuanza kwenye mechi kubwa ya mpira ya Jumamosi. Mama huyu hajawahi kumwona mwanawe akicheza, hata mara moja. Mechi ni jioni, na jioni ndiyo saa ya kuanua dagaa. Safari hii akasema, "Dagaa watanisamehe." Akampigia simu mkwewe, Mzee Bonaventura wa Kalinzi, aliyemlea Edson utotoni.

"Shikamoo, baba. Jumamosi shuka mjini. Tiketi yako naikata mimi."

Tiketi za siku hizi hukatwa kwa simu. Rozalia alikwenda kwa wakala akalipia mbili. Kila moja iliingia kwenye simu yake ikiwa na alama ya visanduku vidogo vyeusi. Ya kwanza ilipoingia tu, uvumilivu ukamshinda. Akaipiga picha, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wauza dagaa. Akaandika, "Jamani, mmeona? Tiketi hii ni ya Mama Edson!"

"Ego, tumeiona!" wakajibu wenzake, na makofi juu.

Naam, waliiona. Tena waliiona wengi kuliko alivyodhani, maana picha ya simu haina miguu lakini inatembea.

Jumamosi ikafika. Mzee Bonaventura alishuka kwa bodaboda na koti lake la kanisani, vumbi hadi kwenye nyusi. Walipofika uwanjani, ngoma zilikuwa zinarindima ndani. Mlangoni alisimama Erica, msimamizi, na kimashine mkononi. Rozalia akampa simu. Kimashine kikalia, taa nyekundu ikawaka.

"Mama, tiketi hii imeshatumika," Erica akasema.

"Imetumika na nani? Mimi ndiyo kwanza nafika!"

"Kuna mtu ameingia nayo muda si mrefu. Una nyingine?"

Rozalia akaitafuta ya pili. Taa ya kijani ikawaka.

"Hii ni nzima," Erica akasema. "Lakini anaingia mtu mmoja tu."

"Basi niuzie nyingine."

"Zimekwisha, mama. Tangu asubuhi."

"Mama, tupishe, mpira unaanza!" watu wakafoka nyuma yake. Rozalia alitokwa na kijasho chembamba. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Amemshusha mkwewe milima yote ile, kumbe kumtia aibu mbele za watu!

Erica akawavuta pembeni. "Mama, kuna mtu ulimwonyesha tiketi?"

"Niliituma kwenye kundi letu. Wenzangu wawe mashahidi."

"Lo! Hapo ndipo ulipoibiwa. Mashine haijui sura yako. Inasoma alama hii tu, tena mara moja. Atakayewahi na picha yake ndiye anayeingia. Hii ni kama namba yako ya siri. Haionyeshwi mtu."

Kabla Rozalia hajajibu, kijana mmoja akamnong'oneza, "Mama, mimi ninayo moja. Nitumie pesa chapu, nikurushie picha."

Moyo wa Rozalia ukaruka. Ndani kipyenga kililia. Aliishika simu yake tayari kulipa. Ghafla akasita. Yeye ni mtu wa Kibirizi, hanunui dagaa bila kuwaonja.

"Twende wote mlangoni," akamwambia. "Mashine ikiikubali, nakulipa papo hapo."

"Aa, mama, mbona huniamini?" Kijana akaanza kurudi nyuma. Walipogeuka, hayupo.

"Wengi wanaumizwa hivyo," Erica akasema. "Nunua kwa wakala anayetambulika, mapema, wala si kwa mtu wa njiani."

Mzee Bonaventura akakohoa. "Mwanangu, ingia wewe. Wewe ndiye mama."

"Nikuache barabarani, baba? Hapana."

"Nasema ingia."

"Baba, tafadhali. Wewe ndiye uliyemlea."

Rozalia mwenyewe alinyoosha simu. Taa ya kijani ikawaka, mzee akapita. Yeye akabaki nje ya ukuta. Kipaza sauti kilitaja jina la Edson, naye akalia waziwazi, bila kujifuta. Mara kelele, mara kimya. Kila kimya kilimkata maini. Ameumia? Wamefungwa? Hakuwa na wa kumuuliza.

Mzee alipotoka, alimshika mkono. "Tumeshinda. Kacheza vizuri sana," akasema. Kisha akaongeza polepole, "Alikuwa anakutafuta kwa macho jukwaani."

Maneno hayo yalimuuma Rozalia kuliko yote. Jioni ile mtu mmoja alijitoa kwenye kundi, na hakusema kwa nini.

Mechi nyingine ilipotangazwa, Rozalia alikwenda kwa wakala siku ileile mauzo yalipofunguliwa. Alisoma jina la mechi na tarehe kabla ya kulipa. Tiketi mbili zikaingia. Akazifungia ndani ya simu, kimya.

"Mama Edson, mbona leo hutuonyeshi tiketi?" wenzake wakamtania sokoni.

"Mtaniona nikiwa ndani," akajibu. "Na ninyi msirushe zenu ovyo. Yalinikuta mimi." Akawaeleza yote, na waliokuwa wamekwishatuma picha wakazifuta haraka.

Siku ya mechi roho ilimdunda mlangoni. Kimashine kikalia. Kijani. Kikalia tena. Kijani. Erica akacheka, "Karibu, mama!"

Timu zikaingia. Edson aligeuza macho jukwaani, akatafuta, akatafuta. Akamwona babu yake. Kisha akamwona mama yake, akainua mikono yote miwili.

Rozalia alisahau watu, akasahau hata mkwewe yuko kando. Akapanda juu ya kiti, akaita kwa sauti ileile ya Kibirizi:

"Jamani, mmeona? Yule ni wa Mama Edson!"

Wenzake wa sokoni wakaanza, jukwaa zima likaitikia, "Ego, tumemwona!"